Bajaji ya Sitini na Nne

Kazi yangu ni kuandika programu zinazosubiri. Nimeshamweleza mama mkwe jambo hili kwa lugha nyepesi kadiri ya uwezo wangu. Alinisikiliza mpaka mwisho, akanyamaza kidogo, kisha akamgeukia binti yake: "Kwa hiyo bado hajapata kazi?"

Simlaumu. Hapa Kihonda mwanamume anayekaa barazani mchana kweupe, laptopu mapajani, uso umeelekea milima ya Uluguru, ana maelezo mawili tu: ama anabeti, ama ni fundi. Mimi nimewekwa kwenye ufundi, namshukuru Mungu, ila ufundi wenyewe hauna mipaka. Wananiletea simu zilizojaa picha, wananiletea printa zinazotafuna karatasi, na majuzi jirani kaleta pasi. Nilipomwambia kwamba mimi ni mtu wa programu za mtandao, akasema hana haraka, atasubiri. Akavuta kigoda akaketi.

Nilimwonea wivu. Binadamu akitaka kusubiri anaketi, basi. Kompyuta zina namna tano sita za kusubiri, hakuna mbili zinazofanana, na ukiuchukua usubiri wa mashine hii ukaupeleka kwenye mashine ile, unaharibika njiani.

Yaliyonikuta ni haya. Kuna tajiri mmoja mtaani, nami namwita tajiri kwa sababu ndivyo madereva wake wanavyomwita, ana bajaji. Zamani alikuwa nazo za kuhesabika. Treni ya SGR ilipoanza kushusha watu stesheni ya Kihonda Juni 2024, yeye na shemeji zake wakaona mwanga. Wakanunua, wakaongeza, wakakopa wakaongeza tena. Chini ya kiti cha kila bajaji kuna kijisanduku cha GPS chenye laini ya simu, na kila nusu dakika kinatuma mahali kilipo kwenye kompyuta iliyoko ofisini kwa tajiri. Msidhani tajiri anapenda teknolojia. Anachopenda ni hesabu yake ya jioni. Dereva akija na pesa pungufu, akiapa kwamba ameshinda kijiweni bila abiria, ramani inasema saa saba mchana alikuwa Mzumbe.

Programu ya kupokea taarifa hizo iliandikwa na kijana mmoja kwa lugha ya C. Kijana mwenyewe siku hizi yuko Dubai, na ujumbe ninaomtumia unaingia tiki mbili kisha unabaki hapohapo. Aliandika vizuri, tena majina ya ndani aliyaweka kwa Kiswahili: kuna safu inaitwa bajaji, kuna kitu kinaitwa muda, na kuna maelezo yanayosema "usiguse hapa". Mimi ndiye niliyelipwa kugusa hapo.

Kwa asiyejua: katika C, programu ikitaka kusikia kinachotoka kwenye soketi inaita recv. Kama hakuna kilichofika, inalala papo hapo, mpaka kifike. Ukiwa na bajaji moja hakuna tatizo. Ukiwa na mbili, programu imelala sikioni mwa ya kwanza ilhali ya pili inapiga kelele na hakuna wa kuisikia. Ndiyo maana mfumo endeshi unakupa njia nyingine: mpe orodha ya soketi zote, ulale mara moja tu, naye akuamshe mojawapo ikiwa na neno. Kubwa la wazee katika njia hizo linaitwa select.

select ilitoka mwaka 1983, ndani ya 4.2BSD, Unix ya Chuo Kikuu cha California kule Berkeley. Nasi mwaka huo tulikuwa na usubiri wetu. Ndio mwaka wa Waziri Mkuu Sokoine na msako wa wahujumu uchumi. Mama yangu alikuwa akipanga foleni ya sukari na sabuni, na ukiondoka kwenda msalani nafasi imekwenda. Kompyuta zenyewe serikali ilikuwa imepiga marufuku kuziingiza nchini tangu 1974. Kwa hiyo wazungu wa Berkeley walipokuwa wanabuni namna ya mashine kusubiri mambo mengi kwa pamoja, hapa tulikuwa na wataalamu wa fani hiyo nchi nzima, na hakuna aliyekuja kutuuliza.

Turudi kwa tajiri. Malalamiko yake yalikuwa kwamba kuna bajaji hazionekani kwenye ramani. GPS nzima, taa ya kijani inawaka, laini ina bando, lakini ramani haina habari nayo. Tena si bajaji ileile. Leo hii, kesho ile. Tajiri alishaita fundi wa GPS, fundi wa simu, na nina hakika alishapita na kwa mtaalamu mwingine ambaye hatumii umeme.

Kompyuta ya ofisini ni ya Windows. Katika Windows, orodha unayoipa select ni safu ya kawaida yenye nafasi 64 usipoiambia vinginevyo. Nafasi moja inaliwa na soketi ya mlangoni, ile inayopokea wageni. Zinabaki 63. Bajaji ya sitini na nne ikija inapokelewa vizuri kabisa, inaandikwa kwenye safu ya kijana wa Dubai, halafu inapofika zamu ya kuingizwa kwenye orodha ya select, FD_SET inaona pamejaa, na inachofanya ni kutofanya kitu. Haikatai wala haitoi kosa. Bajaji inatuma taarifa zake kila nusu dakika kwa mtu ambaye hajaambiwa asikilize.

Mnaona sasa kwa nini haikuwa bajaji ileile. Wanaoonekana ni 63 wa kwanza kuwasha asubuhi. Tajiri alichukua miezi kulielewa hilo, na mimi nilihitaji kusoma programu. Madereva waliligundua bila shule yoyote. Nilikwenda kijiweni alfajiri moja nikashuhudia kwa macho yangu madereva wa bajaji wa Kihonda, watu ambao barabarani hawapishi hata gari la wagonjwa, wanapeana heshima. "Tangulia kaka." "Hapana, anza wewe, mimi bado nafuta kioo." Kioo kile kilifutwa mpaka nikahofia kitatoboka.

Dawa yake ni mstari mmoja: unaipa FD_SETSIZE namba kubwa kabla ya kuita winsock2.h. Lakini kabla sijauandika, tajiri akaja na wazo. Umeme ukikatika ofisini ramani nayo inakufa, kwa hiyo amelipia seva ya Linux huko Ujerumani. "Wewe hamisha tu," akasema.

Hilo "hamisha tu" ningependa lipigwe marufuku kama zile kompyuta za 1974. Lile neno "tu" ndilo linaloshusha malipo.

Mwanzo wa kuhama ulikuwa wa kawaida. Linux haina winsock2.h, haijui WSAStartup, soketi inafungwa kwa close badala ya closesocket, na makosa unayasoma kwenye errno badala ya WSAGetLastError. Kompaila ilifoka, nami nikafoka, tukaelewana. Kosa linalokufokea ni kosa la kistaarabu. Yaliyonizeesha ni yale yaliyopita kimya.

Programu ikawaka. Bajaji zikaunganishwa, taa zote kijani. Ramani tupu. Si bajaji moja iliyokosekana, zote. Nikakaa mbele ya mstari huu, ambao kijana aliuandika kwa mkono wake:

select(0, &wasomaji, NULL, NULL, &muda)

Ile sifuri ya mwanzo. Katika Windows namba hiyo haina kazi. Imewekwa kwa ajili ya mapatano na wengine, ukiandika sifuri, ukiandika elfu, ni sawa. Katika Linux ndiyo inayosema aangalie mpaka wapi: unatakiwa utoe namba ya soketi kubwa kuliko zote, kisha uongeze moja. Ukimpa sifuri, haangalii hata mmoja. Hata mlango haangalii. Kerneli yenyewe ndiyo iliyokuwa inawapokea wageni na kuwahifadhia mizigo yao kwenye bafa, ndiyo maana kila GPS iliamini imefika. Select imepewa orodha iliyojaa na sifuri juu yake, ikaitii sifuri.

Nikarekebisha. Ramani ikajaa bajaji, tajiri akapiga simu kusifu, na haikupita muda wenye seva wakaniandikia kwa upole wa Kijerumani kwamba programu yangu inakula prosesa nzima peke yake.

Hapa ndipo ninapotaka mwongozo wa mahakama. Kijana aliweka muda kuwa sekunde 30, juu kabisa, kabla ya kuingia kwenye mzunguko. Windows ikishasubiri sekunde 30, muda unabaki 30. Ukirudi unasubiri tena. Linux inakata kwenye kile ulichoipa. Umesubiri sekunde 12, inaandika juu ya kitu chako kwamba zimebaki 18. Zikiisha, muda umekuwa sifuri, na kuanzia hapo select haisubiri tena: inaitwa, inarudi, inaitwa, inarudi, mara nyingi kuliko unavyoweza kusema "jamani". Nikaenda kwenye POSIX, ambayo ndiyo kanuni wanayopaswa kuifuata hawa wa ukoo wa Unix, nikidhani nitampata mwenye kosa. POSIX inasema mfumo unaweza kuubadilisha muda. Yaani ukiubadilisha sawa, ukiuacha sawa. Waliketi watu wazima mezani, wakalitazama jambo hili, wakaridhika nalo.

Usiku mmoja mke wangu aliamka akanikuta sebuleni natazama skrini nyeusi.

"Baba, unafanya nini?"

"Nasubiri."

"Unasubiri nini?"

"Bajaji."

"Saa nane usiku?"

Sikuwa na jibu ambalo lisingezidisha mambo.

Wanaojua wataniuliza kwa nini naendelea kuhangaika na select wakati kuna poll. Ni kweli, poll ni ya kiungwana. Ilitoka kwa watu wa AT&T, upande wa System V, katikati ya miaka ya 1980. Unaipa safu, unaiambia ina urefu gani, unaitajia milisekunde, kwisha. Haina 64, wala ile 1024 ya select ya Linux, ambayo ukiivuka unaandika kwenye kumbukumbu isiyo yako na programu inakuja kufia mahali pengine kabisa, siku nyingine, mbele ya mteja. Na poll haiivurugi orodha yako: ulichoomba kinabaki upande wake, jibu linawekwa upande wake. select inaandika majibu juu ya maswali, kila mzunguko unaanza kuandika orodha upya.

Basi nikaandika poll. Tajiri akasema ile kompyuta ya ofisini nayo ibaki kama akiba, endapo Ujerumani itaharibika. Halafu kijana wake aliyeko chuo akarudi likizo na laptopu ya Mac, anataka naye aiwashe kwake ajifunze. Sasa nina mifumo mitatu, na poll inatakiwa ikae kote.

Windows ilikaa bila poll mpaka Vista, ndipo ikaja na yake iitwayo WSAPoll. Ukijaribu kuunganisha soketi na mahali pasipo na mtu, unatarajia uamshwe uambiwe imeshindikana. WSAPoll haikuwa inaamsha. Unakaa hapo. Daniel Stenberg, yule Msweden wa curl, alilalamika hadharani mwaka 2012 kwamba kitu hiki ni kibovu, na marekebisho yalikuja na toleo la Windows 10 la mwaka 2020. Kompyuta ya tajiri ni ya kabla ya hapo. Ina kibandiko cha pikipiki kwenye kifuniko na haijawahi kusasishwa kwa sababu bando ni ghali. Huyohuyo Stenberg mwaka 2016 akakuta poll ya Mac, toleo la 10.12, ukiipa orodha tupu na kuiambia isubiri kidogo, inarudi papo hapo bila kusubiri. Na Windows nayo, ukiipa select orodha zote tupu ili ulale tu, haikulazi, inakurudishia kosa. Yaani mmoja haamshi na mwingine halali. Sikuwahi kukutana na bwana Stenberg, lakini nikimwona nitamkaribisha kwenye kigoda cha yule mwenye pasi.

Kuna kijana wa barazani, kila akipita ananiambia: "Bro, tumia epoll." epoll ni ya Linux, ya mwaka 2002, na ni nzuri. FreeBSD walikuwa wameshatangulia na kqueue mwaka 2000, Mac nayo inaitumia hiyo. Zote zilikuja baada ya Dan Kegel kuuliza, mwaka 1999, seva moja itawahudumia vipi wateja 10,000 kwa wakati mmoja. Swali zuri. Lakini Kihonda nzima haina bajaji 10,000 za mtu mmoja, na epoll haihami kutoka Linux hata ukiibeba mgongoni. Ukitaka ihame, unachukua libevent au libuv, ambazo kazi yake ni kuficha aibu hizi zote nyuma ya sura moja. Mtu mwenye akili angechukua libuv siku ya kwanza. Mimi nina ubishi, na hawa watu wanilipe kwa ubishi wangu.

Kuna jambo moja tu ambalo mifumo yote imekubaliana, nalo ni uongo. Soma mwongozo wa select katika Linux, nenda chini kwenye sehemu ya kasoro: inasema wazi kwamba unaweza kuambiwa soketi ina kitu, ukaenda kusoma, ukakwama. Data ilifika kweli, lakini ilipokaguliwa ikaonekana imeharibika njiani, ikatupwa, wewe ulishaitwa. Nilipoisoma nikajua huyu nimeshakutana naye. Ni mpiga debe wa stendi ya Msamvu. "Kihonda, Kihonda, mmoja tu, mmoja tu inaondoka!" Unakimbia na mzigo, unaingia, unakuta viti vitano vitupu na dereva anakula mhogo. Mpiga debe hakukuambia gari linaondoka, alikuambia panda. Aliyezoea Msamvu haketi: anachungulia mlangoni, kama gari halijajaa anarudi chini kuendelea na mambo yake. Programu nayo unaifundisha hivyohivyo, unaigeuza soketi isilale. Katika Unix unatumia fcntl na O_NONBLOCK, katika Windows ioctlsocket na FIONBIO, na kama hakuna kitu huyu anakujibu EAGAIN na yule WSAEWOULDBLOCK. Hata kusema "hakuna kitu" hawakuweza kusema kwa pamoja.

La mwisho nimelipata kwa madereva wenyewe. Ukizima GPS kwa utaratibu, inaaga na seva inajua imeondoka. Ukichomoa waya wa betri ghafla, haiagi. Kwa upande wa seva muunganisho uko palepale, umetulia, na poll inaendelea kuusubiri kwa imani. Kuna ukaguzi wa uhai unaoitwa keepalive. Kwanza lazima uuombe, pili ukiuomba bila kuongeza neno, Linux inakaa kimya sekunde 7,200 kabla ya kuuliza hali. Masaa mawili! Masaa mawili dereva wa bajaji anakwenda Mzumbe, anarudi, anakula, anakwenda tena, na ramani inamwonyesha amesimama chini ya mwembe. Hapo sikumtegemea mtu. Nimeweka saa yangu mwenyewe kwa kila bajaji: dakika tatu bila neno, inageuka nyekundu na simu ya tajiri inalia.

Sasa inafanya kazi. Windows, Linux, na Mac ya yule kijana, ambaye aliiwasha mara moja, akapiga picha, akaendelea na sinema zake. Tajiri alikuja kukagua kazi, akasogeza ramani kushoto na kulia, akaniuliza: "Mbona ni ileile?" Nikamwambia sasa zinaonekana zote. Akasema kwani alinunua ili zisionekane?

Malipo ameyagawa mara mbili, sehemu ya pili mwisho wa mwezi, hajasema upi.

Jana nimetoka Msamvu, mvua inatishia kushuka kutoka mlimani, nikaingia bajaji ya kushea ya kurudi Kihonda. Nauli ni jero, kila mtu katoa jero. Dereva akanitazama kwenye kioo.

"Wewe buku, fundi."

"Kwa nini mimi buku?"

"Jero ya nauli," akasema, akiwasha, "na jero ya ile nyekundu."

Abiria wote wakacheka. Nikatoa buku.